Kapteni Joubert: Askari wa Papa Aliyefanya Ziwa Tanganyika Kuwa Kwao



Mwezi wa Novemba ni mwezi wetu wa kuwakumbuka marehemu. Tunakwenda makaburini, tunang'oa majani, tunawasha mishumaa na kuyataja majina. Katika toleo hili tumependa kutaja jina ambalo wengi wetu tulilisikia mara moja tu katika somo la Historia ya Kanisa, kisha mwalimu akageukia mada nyingine. Ni jina la Léopold Louis Joubert, aliyejulikana kando ya Ziwa Tanganyika kwa cheo chake: Kapteni.

Joubert hakuwa padre wala bruda. Alikuwa mlei, askari kwa kazi, mume na baba. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1842 na kufariki Kongo mwaka 1927, akiwa ameishi ng'ambo ya pili ya ziwa hili letu kwa miaka arobaini mfululizo. Alikuja na bunduki begani ili kuwalinda wamisionari na watu waliowakimbilia. Lakini mmoja wa wanawe, padre, aliuawa kando ya ziwa hilohilo bila silaha yoyote mkononi, na leo Kanisa linamwita Mwenyeheri. Ni vigumu kusimulia habari za mmoja na kumwacha mwingine. Na kati ya bunduki ya baba na kifo cha mwana kuna swali ambalo sisi tunaojiandaa kwa utume, pamoja nanyi waamini wa parokiani, hatuwezi kulikwepa: Kanisa hulindwa kwa kitu gani?

Kijana wa Saint-Herblon

Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 katika kijiji cha Saint-Herblon, karibu na mji wa Ancenis, kando ya mto Loire, magharibi mwa Ufaransa. Eneo lile lilikuwa na kumbukumbu chungu. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1793, wakulima wa pande hizo walishika silaha kuwatetea mapadre wao na mfalme wao, na maelfu waliuawa. Wazee waliwasimulia wajukuu habari hizo jioni. Kijana aliyekulia hapo alijua tangu utoto kwamba imani inaweza kumgharimu mtu uhai wake.

Mwaka 1860 habari kutoka Italia ziliwasisimua Wakatoliki wa Ulaya. Kwa zaidi ya miaka elfu moja Papa alikuwa pia mtawala wa nchi, yenye miji, mashamba na jeshi lake, iliyoitwa Dola ya Papa. Sasa waliotaka kuunganisha Italia yote chini ya mfalme mmoja walikuwa wanaimega nchi hiyo kipande kwa kipande. Papa Pio IX aliomba watu wa kujitolea, nao vijana wakaitika kutoka Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Ireland na kwingineko. Joubert alikuwa mmoja wao. Alikuwa na umri wa miaka 18, sawa na wengi wanaopokelewa katika seminari zetu.

Walipewa sare ya ajabu kwa macho ya watu wa Roma: suruali pana na koti fupi, mtindo ulioigwa kutoka kwa askari wa Afrika ya Kaskazini. Ndiyo maana waliitwa Wazuavi, jina lililotokana na kabila la Waberberi wa Algeria. Kwa hiyo Joubert alivaa vazi lenye asili ya Afrika miaka ishirini kabla ya kufika huku kwetu.

Tarehe 18 Septemba 1860 jeshi dogo la Papa lilishindwa vibaya huko Castelfidardo. Wengi wangerudi makwao baada ya hapo. Joubert alibaki miaka kumi, akapanda ngazi hadi cheo cha kapteni. Alikuwa bado katika utumishi huo tarehe 20 Septemba 1870, Roma ilipoanguka. Siku hiyo Papa Pio IX aliagiza upinzani uwe mfupi, wa kuonyesha tu kwamba mji unachukuliwa kwa nguvu, ili damu nyingi isimwagike. Bendera nyeupe ikapandishwa. Wazuavi wakaweka silaha chini na kurudishwa makwao.

Hebu tumfikirie kidogo. Ana miaka 28. Ujana wake wote ameutoa kwa ajili ya jambo moja, na jambo hilo limeisha kwa kushindwa. Sisi leo hatuililii Dola ya Papa. Tunaona kwamba Kanisa lilipata uhuru mkubwa zaidi lilipobaki bila mashamba na mizinga. Lakini yeye hakuwa na miaka mia moja na hamsini ya kutazama nyuma kama sisi. Alikuwa na kiapo, na aliyemwapia hakuwa na jeshi tena.

Wito wa Kardinali

Wakati huo huko Algiers alikuwapo askofu mkuu mwenye mawazo makubwa, Charles Lavigerie. Mwaka 1868 alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao babu zetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Mwaka 1878 alituma msafara wa kwanza kuelekea Maziwa Makuu. Walipita njia waliyopita wafanyabiashara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Ni mwendo wa miezi mingi kwa miguu, wenye homa na kuhara, na wapagazi wanaotoroka usiku. Baadhi ya wamisionari wa misafara ya kwanza walizikwa njiani kabla ya kuliona ziwa.

Mbali na maradhi kulikuwa na vita. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa amekubali kulifunga soko la watumwa la mji wake, lakini bara biashara hiyo iliendelea. Pembe za ndovu zilihitaji mabega ya kuzibeba, na mashamba ya pwani yalihitaji mikono. Upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika vijiji vilichomwa moto, wanaume waliojitetea waliuawa, wanawake na watoto walifungwa minyororo na kuvushwa ziwa hadi Ujiji. Tuseme ukweli wote: walioifanya kazi hiyo hawakuwa wa taifa moja wala wa dini moja. Walikuwapo matajiri wa Kiarabu na wa Kiswahili, walikuwapo rugaruga wa makabila ya bara, na walikuwapo machifu waliowauza majirani zao ili wapate baruti na nguo.

Lavigerie aliona kwamba mapadre wake hawawezi kupita humo peke yao. Akawaita waliowahi kuwa askari wa Papa, wawe walinzi wa misafara na vituo. Joubert aliitika mwaka 1880, akiwa na miaka 38. Hakuahidiwa mshahara mnono wala cheo. Inaonekana alikuwa ameisubiri kazi ya namna hii tangu Roma ilipoanguka.

Hatari haikuwa ya kubuni. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge katika nchi ya Burundi ya leo, mapadre wawili, Toussaint Deniaud na Joseph Augier, waliuawa pamoja na mlei Félix D'Hoop, Mbelgiji aliyekuwa Mzuavi kama Joubert. Hao ni kati ya watu wa kwanza kumwaga damu yao kwa ajili ya utume wa kandokando ya ziwa hili.

Katika kipindi hicho cha kwanza Joubert alilinda vituo vya magharibi mwa ziwa. Mwaka 1885 alirudi Ufaransa. Angeweza kuishia hapo, akasimulia safari zake kando ya moto na kuheshimiwa na watu wa kwao. Mwaka uliofuata alifunga tena mizigo, akapita Zanzibar na kushika njia ya bara. Ufaransa hakuiona tena.

Ngome ya Mpala

Mwaka 1885 mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliwaachia Mapadre Weupe vituo viwili vya chama chake kandokando ya ziwa: Karema, ambayo leo iko mkoa wa Katavi upande wa Tanzania, na Mpala, upande wa Kongo, karibu na mlango wa mto Lufuko. Mpala ilikuwa imejengwa miaka miwili kabla na ofisa Mbelgiji, Émile Storms. Kituo hicho hakikupokelewa kikiwa safi. Desemba 1884 watu wa Storms walimuua chifu Lusinga wa Watabwa, na Storms alichukua fuvu la kichwa chake hadi Ubelgiji. Wamisionari walirithi kuta imara, na pamoja nazo kumbukumbu ya damu katika mioyo ya watu.

Joubert alifika Mpala Machi 1887, akakabidhiwa ulinzi na utawala wa eneo lile. Kardinali Lavigerie alikuwa na ndoto ya ufalme mdogo wa Kikristo katikati ya Afrika, ambamo aliyekimbia utumwa angepata usalama, na alimwona Kapteni Joubert kuwa mtu wa kuusimamisha.

Kazi ilianza kwa mambo ya kawaida kabisa. Joubert alifundisha vijana wa hapo kutumia silaha na kukesha zamu. Waliokimbia vijiji vilivyochomwa walifika kwa makundi, wakiwa na njaa na madonda, wakapewa mahali pa kujenga na pa kulima. Habari zilipofika kwamba kundi la wateka watumwa limeingia Marungu, milima iliyo nyuma ya Mpala, Kapteni alitoka na vijana wake kuwazuia njia. Mara nyingine walifanikiwa na kurudi na mateka waliofunguliwa. Mara nyingine walikuta majivu tu.

Baadaye alihamia kusini zaidi, akajenga kijiji alichokiweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Louis, huko Mrumbi. Kijiji kilikuwa na boma, kanisa na mashamba. Hapo alikuwa mlinzi, hakimu, mganga wa vidonda na mwalimu wa dini. Alipoweza kupata Misa hakuikosa.

Wanahistoria wameukosoa mpango huo, na hawakukosea katika kila jambo. Mamlaka ya padre na mamlaka ya mtawala yalichanganyika. Wakristo wapya walilima, walijenga na kuadhibiwa chini ya watu walewale waliowafundisha sala. Mkombolewa hakuwa huru kwenda popote atakapo. Na bendera iliyopepea juu ya ziwa lile ilikuwa ya Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold, dola ambayo baadaye, katika misitu ya mpira, iliwatenda Waafrika unyama ambao dunia nzima iliulaani. Joubert hakuhusika na mpira huo, lakini alihudumu chini ya bendera hiyo. Tukilificha jambo hili kwa kutaka kumsifu, hatutakuwa tumemsaidia yeye wala msomaji.

Lakini tumtazame pia mama aliyekuwa na mtoto mgongoni, aliyefika kwenye lango la Mrumbi usiku na wateka watumwa wako nyuma yake. Kwake yeye swali halikuwa la nadharia. Lango lilifunguliwa, na mtoto wake hakuvushwa ziwa.

Agnes

Tarehe 13 Februari 1888, zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka 46, Joubert alifunga ndoa kanisani na msichana Mwafrika wa misioni, Agnes Atakao.

Tunaomba msomaji asiliruke jambo hili haraka. Wakati huo Wazungu wengi waliokuja Afrika waliishi na wanawake wa Kiafrika, lakini ndoa kanisani, mbele ya padre na mashahidi, ilikuwa kitu adimu. Mwanamke alichukuliwa kwa muda. Mkataba wa bwana ulipoisha alipanda meli, na mwanamke akabaki na watoto wasiojua baba yao yuko wapi. Joubert alisimama altareni, akaahidi kama kila bwana arusi Mkatoliki anavyoahidi, na ahadi hiyo akaitimiza kwa miaka thelathini na tisa, hadi kifo kilipowatenganisha.

Ndoa hiyo ilibadili maana ya kuwapo kwake. Mlinzi wa msafara anaweza kurudi kwao msafara ukifika. Mume wa Agnes alikuwa na wakwe, alikuwa na watoto waliosema lugha ya mama yao, alikuwa na shamba la kulima msimu hadi msimu. Watoto wao walikulia katika kijiji kilekile, wakacheza na watoto wa wale waliokombolewa. Wawili kati ya wana wao walikuja kuwa mapadre.

Kuhusu Agnes mwenyewe, vitabu vimeandika machache kuliko anavyostahili. Lakini nyumba ambayo wageni hawakukoma kuingia, wagonjwa hawakukoma kuletwa, na mume hakujua atarudi lini kutoka milimani, haikusimama kwa nguvu ya kapteni peke yake. Akina mama wa WAWATA na wa jumuiya zetu ndogo ndogo wataelewa bila kuhitaji maelezo.

Miaka ya shida

Mara baada ya arusi yao mambo yalizidi kuwa magumu. Agosti 1888 vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vililipuka pwani, na njia ya misafara ya Bagamoyo ikaziba. Barua, dawa na risasi zikawa haba. Huku Ulaya Kardinali Lavigerie alikuwa anazunguka miji mikubwa akihubiri dhidi ya utumwa kwa baraka ya Papa Leo XIII, na watu walimshangilia. Lakini makofi ya Paris na London yalichukua muda mrefu kufika Mrumbi.

Ujiji ilikuwa chini ya nguvu za Mohammed bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kama Rumaliza, mzaliwa wa Lindi. Watu waliofungamana naye walizidi kuzizunguka misioni za magharibi. Askofu Léonce Bridoux, aliyefika mwanzoni mwa 1889 kuliongoza Kanisa la Tanganyika, alifariki mwaka uliofuata akiwa bado kijana. Kwa miezi mingi ya mwaka 1890 na 1891 Joubert alishikilia eneo lake akiwa na kikosi kidogo na akiba ndogo ya risasi, bila kujua kama msaada unakuja.

Msaada ulifika mwishoni mwa 1891. Chama cha Ubelgiji cha kupinga utumwa kilimtuma Kapteni Jules Jacques na watu wake, wakaja hadi ziwani na kujenga ngome ya Albertville, pande za mji wa Kalemie wa leo. Vita kati ya Dola Huru ya Kongo na matajiri wa misafara viliendelea hadi mwanzoni mwa 1894, Rumaliza aliposhindwa. Misafara ya watumwa ikakoma kulivuka ziwa.

Kati ya waliokuja ziwani katika miaka hiyohiyo alikuwa Adrien Atiman. Alitekwa akiwa mtoto katika nchi ambayo leo ni Mali, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea udaktari Malta na kufika Karema mwaka 1889 kama daktari na katekista. Alihudumu hapo hadi kifo chake mwaka 1956. Tunamtaja kwa sababu yeye na Joubert, mmoja kila upande wa maji, ni walei wawili waliolibeba Kanisa la ziwa hili mabegani. Mmoja alikuja na bunduki na mwingine na mkoba wa dawa, na kila mmoja alioa na kuzikwa huku.

Bunduki inawekwa chini

Vita vilipokwisha Joubert alikuwa na miaka 52. Kazi iliyomleta ilikuwa imekamilika. Hakuna aliyeweza kumlaumu kama angesema sasa narudi kwetu na familia yangu. Alibaki. Na kwa maoni yetu miaka thelathini na mitatu iliyofuata, ambayo vitabu vya vita havina la kusema juu yake, ndiyo sehemu kubwa ya maisha yake.

Alilima, alitibu wagonjwa, aliwafundisha watu katekisimu. Aliamua magomvi ya mipaka ya mashamba na ya mahari. Ugonjwa wa malale ulipoenea kandokando ya ziwa na kuua watu wengi, vijiji vya ufukweni vilihamishwa. Mwaka 1910 Joubert naye alikihama kijiji alichokijenga kwa mikono yake, akaenda kuanza upya Misembe, karibu na Baudouinville, mji unaoitwa leo Moba. Alikuwa na miaka 68.

Huko Baudouinville Askofu Victor Roelens alikuwa anajenga Kanisa la wenyeji. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 kulikuwa na seminari Mpala, ndani ya eneo lilelile ambalo Joubert alilikesha kwa bunduki. Mmoja wa wavulana waliosoma hapo alikuwa Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Kaoze alipewa Daraja Takatifu, akawa padre wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu. Mzee Joubert alikuwa hai, na miaka yake 75, akiishi jirani. Miaka thelathini kabla, vijana wa milima ileile walifungwa minyororo. Sasa mmoja wao alikuwa anaadhimisha Misa.

Sisi waseminari tuna kishawishi cha kupima utume kwa miaka mitatu mitatu, kwa majengo yaliyozinduliwa na idadi ya waliobatizwa. Joubert hakupata kuona Dola ya Papa ikisimama tena, wala ufalme wa Kikristo wa Lavigerie haukusimama. Mipango yote miwili mikubwa aliyoitumikia ilikufa mbele ya macho yake. Kilichobaki ni kile ambacho hakikuandikwa katika mpango wa mtu yeyote: Wakristo wa Mrumbi, nyumba ya Agnes, na wavulana waliokwenda seminari.

Alifariki tarehe 27 Mei 1927, akiwa na miaka 85. Miaka miwili baadaye, mwaka 1929, Papa na Italia walisaini mapatano ya Laterani, na ugomvi uliomfanya Joubert aondoke kwao akiwa kijana ukaisha kwa kalamu.

Albert

Tumesema kwamba habari hizi haziishii kwa baba. Tarehe 18 Oktoba 1908, huko Mtakatifu Louis wa Mrumbi, Agnes alijifungua mtoto wa kiume aliyebatizwa Albert. Baba yake alipofariki Albert alikuwa na miaka 18, umri uleule ambao baba alikuwa nao alipoondoka Saint-Herblon kwenda Roma. Yeye alikwenda altareni. Alipewa upadre mwaka 1935.

Mwaka 1964 Padre Albert Joubert alikuwa Fizi, juu ya milima ya upande wa kaskazini-magharibi mwa ziwa, pamoja na wamisionari Waitaliano wa Shirika la Waksaveri. Kongo ilikuwa huru kwa miaka minne tu na ilikuwa inaungua. Waasi waliojiita Simba walikuwa wameishika sehemu kubwa ya mashariki. Kwa padre aliyekuwa na ngozi ya mchanganyiko na jina la Kifaransa, hakukuwa na upande uliokuwa salama. Alikaa na waamini wake.

Tarehe 28 Novemba 1964 gari la waasi lilisimama mbele ya misioni ya Baraka, chini ufukweni. Bruda Vittorio Faccin aliuawa hapo, na Padre Luigi Carrara, aliyekuwa anaungamisha, akaona ni heri afe na ndugu yake kuliko kuondoka na wauaji. Jioni gari hilohilo lilipanda Fizi. Padre Giovanni Didonè alikwenda mlangoni, akapigwa risasi, na Padre Albert Joubert akauawa naye. Alikuwa na miaka 56. Hapakuwa na boma, wala zamu ya usiku, wala kapteni wa kutoka nje na kuwazuia.

Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo kwa niaba ya Papa Fransisko aliwatangaza wote wanne kuwa Wenyeheri. Umati uliokusanyika kumshangilia mwana wa Agnes na Kapteni ulikuwa wa Wakongo walioonja vita kwa miaka mingi, wengi wao wakimbizi, watu wanaojua vizuri sauti ya gari linalosimama usiku mbele ya nyumba.

Tujifunze nini

Tumejadiliana sana kati yetu juu ya baba na mwana hawa. Wapo wenzetu wanaosema kwamba mwana alisahihisha kosa la baba. Wapo wanaosema kwamba bila bunduki ya baba kusingekuwa na misioni, wala seminari, wala padre Albert wa kufa shahidi. Hatujakubaliana, na labda si lazima tukubaliane. Kanisa linafundisha kwamba anayewalinda wanyonge dhidi ya mvamizi anaweza kutimiza wajibu mzito, na Kanisa hilohilo linaweka altareni mtu aliyekufa bila kuinua mkono.

Lakini tukitazama kwa makini tunaona kwamba wawili hawa wanafanana katika jambo moja, na jambo hilo halihusu silaha. Kila mmoja alikuwa na mlango wa kutokea, na kila mmoja alibaki. Joubert angeweza kuondoka baada ya Roma, baada ya safari ya kwanza, baada ya vita. Albert angeweza kuondoka Fizi wakati barabara bado zilikuwa wazi. Baba aliwaambia watu wa Mrumbi kwa maisha yake kwamba hatawaacha, na mtoto aliyelelewa katika nyumba hiyo hakuhitaji kufundishwa jambo hilo seminarini.

Wapendwa wazazi mnaosoma makala hii, ombeni miito, nasi tunaombea nyumba zenu, kwa sababu huko ndiko miito inakoanzia. Waseminari wenzetu, siku moja tutapangiwa parokia ambayo hatukuitarajia, mbali na barabara, na tutahesabu miaka ya kuhamishwa. Siku hiyo tumkumbuke mzee wa Misembe.

Tarehe 28 mwezi huu, tunapowasha mishumaa ya marehemu wetu, tuwashe na mmoja kwa ajili ya Léopold Louis Joubert na mkewe Agnes. Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Mwenyeheri Albert Joubert, utuombee.